Upande wa Pili wa Kanda

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kusimamisha kanda, lakini hakikushuka. Ndani ya zile spika ndogo zilizonibana masikio, injini ilinguruma kwa utulivu wa mnyama aliyeshiba, na katika mngurumo huo mlikuwa na mgoto mmoja uliochelewa, mgoto wa silinda ya tatu, ambao mume wangu aliujua kuliko alivyoyajua mapigo ya moyo wake mwenyewe. Kisha ikalia honi. Mbili fupi, moja ndefu. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, nimeketi mezani kwangu saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa juu ya kitambaa cha meza, na bado miguu yangu ilitaka kuinuka iende jikoni.

Mbili fupi na moja ndefu ilikuwa salamu yangu. Nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimekijua kwa miaka thelathini na mmoja, ila sikuwahi kulazimika kukisikia mara ya pili.

Mambo yalianza na macho. Daktari alitueleza kwamba presha ya macho ilikuwa imekwisha kula pembe zote za uoni wa mume wangu, na kwamba kilichobaki, kitundu cha katikati, kisingevuka mwaka. Mume wangu alimshukuru kwa adabu, akamuuliza kama nje kulikuwa na dalili ya mvua. Mimi ndiye niliyeshindwa kufunga vifungo vya koti.

Alikuwa dereva wa treni. Alipostaafu alijijengea reli ndogo katika chumba walichokuwa wakilala wanetu, juu ya meza nne zilizounganishwa, na kwa miaka kumi na miwili akaitengeneza upya njia yake yote kwa mikono: stesheni yenye saa iliyosimama, daraja la vyuma, karakana, nguzo nyeupe, safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na miongoni mwazo nyumba yetu yenye mlango wa kijani. Hata kamba yangu ya kuanikia nguo ilikuwapo, na juu yake shuka la ukubwa wa stempu. Kitu kimoja tu hakukijenga. Mbele kidogo ya nyumba zile palikuwa na kivuko, mahali barabara ilipoikata reli. Katika meza yake mahali hapo palibandikwa nyasi za kijani pande zote mbili, nadhifu kabisa, kana kwamba hapajawahi kupita mtu. Nililiona hilo siku aliyozibandika. Sikuuliza.

Uoni ulipopungua, treni zake zikaanza kugongana. Alasiri moja kile kichwa cha treni alichokipenda kuliko vyote, mfano wa injini aliyoiendesha miaka kumi na tisa, kilipitiliza mwisho wa reli kikaanguka sakafuni. Alipiga magoti akapapasa chini ya meza, akaniletea gurudumu moja kiganjani.

“Ifunikeni meza,” alisema. “Shuka jeupe litafaa.”

Tangu siku hiyo aliketi ameuelekea ukuta. Nimewaona watu wakifa kwa homa, kwa uzazi, kwa uzee. Sikuwa nimemwona mtu akifa kwa kuketi. Alikaa hivyo siku tisa, na kila asubuhi nilisimama mlangoni nikihesabu pumzi zake kabla ya kumwamkia.

Siku ya kumi nilikwenda kwa fundi wa redio wa mtaa wetu, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Nilimpelekea kile kichwa cha treni ndani ya taulo. Alikitengeneza gurudumu, akakigeuzageuza.

“Mzee anakiendesha kwa macho, Mwalimu. Akikiendesha kwa masikio je? Siku hizi kuna dekoda ya sauti.”

“Ni kitu gani hiyo?”

Akanionyesha kijibao cha umeme kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kinakaa tumboni mwa kichwa cha treni, alieleza, kinapokea amri kupitia reli, na kwa spika ndogo kama haragwe kinatoa sauti zote za injini ya kweli: kuwaka, kupanda mlima, kufunga breki, kupiga honi. Asiyeona atajua treni imefika wapi na inakwenda kasi gani. Yeye, kwa kompyuta yake, aliweza kupakia humo sauti yoyote tuliyoitaka.

Alikuja nyumbani na sauti za kiwandani, akamsikilizisha mume wangu. Mume wangu hakugeuka kutoka ukutani.

“Zima. Hiyo ni injini ya watu. Nikuulize, fundi, wewe ungekubali kuamka kando ya mume mwenye sauti ya jirani?”

“Inategemea jirani gani, Mzee.”

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika siku kumi, kikavu kama mlango uliokosa mafuta, nami nilitoka nje upesi nikajifanya natafuta ufagio. Niliporudi alikuwa amesimama. Alipapasa rafu ya chini akatoa kopo la majani ya chai, na ndani yake kanda. Wiki ya mwisho kabla injini ile haijaondolewa njiani, alisema, alipanda nayo tepurekoda akainasa sauti yake.

“Tumieni upande wa kwanza,” alisema. “Unatosha. Wa pili hauna kitu.”

Alilisema hilo huku ameuelekea ukuta tena.

Fundi alinirudishia kanda baada ya siku mbili. Upande wa kwanza haukufaa; msaidizi wa dereva alikuwa akipiga mluzi, vikombe vinagongana, watu wanataniana mwanzo hadi mwisho. “Nikipakia hii, Mwalimu, injini ya Mzee itakuwa inaomba sukari kila ikipanda mlima. Upande wa pili je?”

“Hauna kitu.”

“Nani kausikiliza?”

“Nani *ameusikiliza*,” nilimsahihisha, si kwa sababu ilinihusu wakati ule, bali kwa sababu nilihitaji muda. Nikasema nitausikiliza mimi. Niliifunga kanda kwenye leso na kuibana kwapani njia nzima, na mtu aliyenisalimia sikumwitikia.

Sasa inanipasa kusema baba yake fundi ni nani, maana bila hilo hofu yangu haitaeleweka.

Katika nyumba zile za reli kulikuwa na desturi. Kila dereva alikuwa na mkono wake wa honi, na alipopita karibu na nyumba alimsalimia mkewe. Wa jirani yangu alikuwa na ndefu tatu za kujigamba. Wangu, mbili fupi na moja ndefu. Niliposikia, niliinuka kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi nikabandika chungu, na chakula kilikuwa mezani alipofika. Wakuu wa reli hawakuruhusu na hawakukataza. Lakini kanuni ya kivuko ilikuwa kanuni: ukifika kwenye nguzo nyeupe, kabla ya nyumba, uanze honi ya tahadhari, mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, usiiache mpaka injini iwe juu ya barabara. Salamu ilipaswa kungoja upande wa pili. Kwa kawaida ilingoja.

Adhuhuri moja haikungoja. Mtu mmoja alikuwa akivuka na mkokoteni wa madebe ya maziwa. Aliokoka, ila mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Binti yake alikuwa katika darasa langu la sita, mstari wa mbele, daftari lake daima limefunikwa kwa gazeti.

Baraza la uchunguzi liliniita, kwa kuwa mlango wetu ulikuwa wa karibu zaidi. Mwenyekiti aliuliza: “Ulisikia honi kabla ya mgongano?”

“Nilisikia.”

Sikuulizwa ni honi ipi. Nilisimama wima kwa gauni la kazini, nikajibu kwa neno moja. Mimi niliyewarudishia watoto madaftari yao kwa kosa hilohilo, jibu la neno moja, jibu lisilo na maelezo. Mume wangu naye alikuwa ameeleza kwamba honi ilipigwa. Baraza likaandika kwamba mwenye mkokoteni hakuwa mwangalifu. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeachana hatua tatu, na hatukulizungumza jambo lile siku hiyo, wala mwezi huo, wala baada ya hapo.

Hata hivyo nilijihifadhia neno moja: huenda. Huenda aliianza tahadhari nami sikuisikia kwa sababu ya mchemko wa chungu. Huenda upepo uliichukua. Neno hilo lilinilaza usiku na kuniamsha asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja, nikalea watoto nalo, nikastaafu nalo.

Basi asubuhi ile mezani kwangu, baada ya ile mbili fupi na moja ndefu, kanda iliendelea kuzunguka. Niliisikia sauti ya mume wangu, changa, ya kufurahi, karibu sana na masikio yangu: “Haya, sasa mama watoto anabandika chungu.” Msaidizi wake akacheka. Injini ikanguruma sekunde nne. Nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Ndipo honi ya tahadhari ikaanza, ndefu moja, haikukamilika, ikamezwa na breki. Kisha kitufe kikabonywa, na kanda ikawa tupu kweli.

Nilizivua zile spika. Kutoka chumba cha pili mume wangu aliita, “Mama watoto! Kuna kitu?”

“Hakuna,” nilijibu. Neno moja tena.

Dakika ishirini za mwanzo za upande ule zilikuwa safi kabisa. Injini peke yake: ikiwaka, ikipanda, ikishuka, ikisimama. Hakuna mluzi wala vikombe. Fundi angeshukuru. Lakini fundi asingesikiliza dakika ishirini tu. Alikuwa mtu wa kazi, angeinasa kanda nzima kwenye kompyuta, mpaka mwisho, kama nilivyomfundisha mimi kusoma ukurasa wote kabla ya kujibu swali. Na baba yake, yule mzee wa magongo, alikuwa akiketi kila siku kwenye kiti cha kamba mbele ya duka la binti yake.

Nilikaa na kanda ile siku tatu. Nilifikiria kuikata kwa mkasi wa kushonea. Mara mbili nilikaribia jiko. Wakati huohuo nilimsikia mume wangu akimwuliza mjukuu wetu kwenye simu dekoda ina uzito gani, na kama itaiacha mota ipumue. Sauti yake ilikuwa imeanza kupata rangi. Nikiiharibu kanda, angerudi ukutani. Nikiipeleka, jina lake, na langu, yangekuwa mikononi mwa mtoto niliyemfundisha kusema kweli. Siku ya tatu niliweka chumvi mara mbili kwenye mchuzi, naye akala chote bila kusema kitu, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilivaa gauni langu la kijivu nikaenda dukani. Mzee wa magongo hakuwa kitini. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kwa kumshukuru.

“Fundi,” nilisema, “mwishoni mwa upande huu kuna siku ya ajali ya baba yako. Honi niliyoisema barazani ilikuwa salamu yangu. Tahadhari ilipigwa kwa kuchelewa. Nililijua hilo nilipokuwa natoa ushahidi.”

Alikuwa ameshika pasi ya kulehemu. Aliirudisha taratibu kwenye kishikio chake, akahakikisha imekaa sawa. Moshi mwembamba ulipanda ukaisha.

“Baba alituambia,” alisema. “Alisema honi ilikuja gurudumu la mbele la mkokoteni likiwa limeshavuka reli. Nikamwambia, mbona Mwalimu amesema ilipigwa? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwangu mimi Mwalimu alikuwa hakosei.” Akaifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. “Hakunikasirikia. Aliacha tu kuisimulia.”

Nilikuwa nimeandaa sentensi za kuomba radhi, nimezipanga vizuri usiku kucha, kiima na kiarifu. Hakuna hata moja iliyokuja. Nilisema tu, “Nisamehe, mwanangu.”

Alinyoosha mkono akaichukua kanda. “Naweza kumsikilizisha?”

“Ni yako.”

Siku nne hazikuleta habari. Nilimdanganya mume wangu kwamba umeme umekatika dukani. Siku ya tano, alasiri, mlango ukabishwa, na fundi akaingia na kiboksi cha kiberiti. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na dekoda.

Nilimvuta jikoni. “Baba yako amesemaje?”

“Alisema nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu. Halafu akaniangalia akasema, ‘Umeona?’ Basi. Akaomba chai. Baadaye akasema hiyo injini ilikuwa mbovu, inagonga.”

Sikujua kama naruhusiwa kutabasamu, nikaangalia masufuria.

Tulilitoa shuka mezani. Kulehemu nililehemu mimi, kwa sababu vidole vyangu vya kushonea ni vyembamba kuliko vya fundi. Yeye alinishikia taa, na mume wangu, akiwa kitini, alituongoza kwa kinywa. “Kwanza mtenge mota na kiunzi. Waya mmoja ukigusa chuma, dekoda itaungua kabla hamjasema ah.” Nyekundu na nyeusi kwenye magurudumu, zinakotoka nguvu za reli. Rangi ya chungwa na kijivu kwenye mota. Mbili za kahawia kwenye spika. Matone ya risasi yalikuwa madogo kuliko punje za mtama. Fundi alipima kila kiungo kwa kipima umeme, akapima tena.

“Honi nimeziweka mbili,” alisema, kwa sauti ya kusikika na sisi sote. “Kitufe cha pili ni ile salamu. Cha tatu ni tahadhari. Nimeichukua mahali ilipokamilika, mwanzoni mwa upande ule. Mzee atachagua mwenyewe.”

Mume wangu alikuwa ameshika kidhibiti mapajani, vidole gumba vikitafuta vitufe.

“Umesikiliza upande wa pili,” alisema.

“Nimesikiliza.”

“Wote?”

“Wote. Na fundi. Na baba yake.”

Aliinamisha kichwa. Niliona mshipa wa shingo ukipiga, nikaanza kuhesabu kama nilivyohesabu zile asubuhi tisa. Kisha akabonya, na pale mezani, katika kitu cha ukubwa wa kisanduku cha miwani, injini ikawaka. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma, na silinda ya tatu ikagonga kwa kuchelewa. Uso wake ukageukia sauti ile kama wa mtu aliyeitwa kwa jina.

Treni ikaondoka stesheni. Alikuwa akiifuata kwa sikio, shingo ikizunguka nayo: daraja, karakana. Mdomo wake ulihesabu. Sijui alizihesabuje hatua za mahali asipopaona, lakini kichwa cha treni kilipofika sawasawa kwenye nguzo nyeupe, kidole chake kilishuka kwenye kitufe cha tatu.

Mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Na tena. Na tena, yote, bila kukata, treni ikiupita mlango wa kijani na shuka langu la stempu, mpaka ikawa juu ya zile nyasi. Hapo akaachia, akaisimamisha. Fundi aliizima taa yake ya mkononi na kuitia mfukoni.

“Mama watoto,” mume wangu alisema, “kesho unikwangulie zile nyasi.”

“Zipi?”

“Unazijua.”

Nilizikwangua kwa kisu cha siagi, na wiki hiyo tukajenga barabara kwa msasa mweusi. Fundi alikuja kuitazama mara moja. Baba yake hakuja, wala sikumtarajia. Nilikwenda mimi kwake, nikaketi juu ya kreti kando ya kiti chake cha kamba, na yaliyosemwa pale ni ya pale.

Mume wangu aliishi miaka minne mingine, mitatu ya mwisho gizani kabisa. Kila siku saa kumi aliiendesha treni yake. Kitufe cha pili hakukigusa hata siku moja. Mimi nilikuwa nikisahihisha barua za wajukuu katika chumba cha pili. Nilisikia tahadhari ikianzia nguzoni, ikapita nyumba, ikavuka barabara, kisha kimya cha mahali salamu ingekuwa.

Niliinuka hata hivyo, nikaenda kubandika chungu.